Msumeno mdogo wa meza wa betri: unamfaa fundi wa saiti?

Swali limetoka kwa fundi seremala wa Morogoro: "Karakanani nina mashine ya kupasulia ya kuchomelewa, mota ya farasi tatu. Siku hizi kazi nyingi ziko saiti: milango, skatingi, makabati ya jikoni, na mara nyingi nyumba haijavutiwa umeme. Binamu yangu yuko Dubai, anarudi mwezi ujao, na anaweza kuniletea msumeno mdogo wa meza wa betri. Bei ni kubwa kwangu. Ninunue? Utapasua mninga? Betri inadumu muda gani?"

Fundi mwenzangu, salaam na pole na kazi.

Ninunue, umeuliza. Ndiyo, nunua, lakini mashine yako ya karakanani ibaki na kazi yake. Msumeno huu ni wa kumalizia kazi ukiwa saiti: kupunguza, kulinganisha, kuchana vipande vyembamba, kukata pembe. Ukiununua kwa nia ya kupasulia mbao za mninga za inchi 2 kutwa nzima, pesa yako itaishia kwenye betri. Na kama kazi zako za saiti ni chache, mbili tatu kwa mwezi, usinunue kabisa. Chukua msumeno wa mkono wa betri na ubao ulionyooka wa kuuongoza, utalipa chini ya nusu ya gharama.

Mashine ninazozungumzia hapa ni zile zenye diski ya milimita 210 au karibu na hapo, yaani inchi 8 na robo. DeWalt wana DCS7485 inayotumia betri za FlexVolt, ndilo jina la betri zao kubwa. Milwaukee wana M18 FUEL ya saizi hiyo hiyo, na Bosch wana GTS 18V-216. Ya DeWalt, ambayo nadhani ndiyo binamu yako ataikuta kirahisi zaidi, ina uzito wa takriban kilo 22 bila betri. Diski yake inazunguka mara 5,800 kwa dakika, na inakata kina cha milimita 65 ikiwa wima na 45 ikilazwa nyuzi 45. Kwa kina hicho ubao wa inchi 2 unapita mara moja. Wa inchi 3 haupiti. Itabidi uugeuze na kupasua upande wa pili, na hapo mstari ukikosea kidogo tu utakuwa na kazi ya randa.

Sasa mninga. Utapasua, usiwe na wasiwasi. Mninga mkavu una kilo 600 na ushee kwa mita moja ya ujazo, na ukiuweka karibu na mkongo ni mti mpole kwa meno ya msumeno. La kujiuliza ni utapasua futi ngapi kabla betri haijazima. Fanya hesabu hii mwenyewe, maana matangazo hayatakufanyia. Betri ya FlexVolt iliyoandikwa 6Ah, yaani ampea-saa 6, ina wati-saa (Wh) 108. Mota ya mashine hizi ikibanwa na ubao mgumu wa inchi 2 inaweza kuvuta wati 1,500. Gawanya: unapata dakika 4 na kidogo za kukata mfululizo. Betri ya Milwaukee ya 12Ah ina wati-saa 216, basi ni dakika 8 na nusu. Milwaukee wanatangaza hadi futi 600 za kupasua kwa chaji moja ya betri hiyo. Ichukue namba hiyo kama ya mbao laini na diski mpya, kisha ushuke nayo sana unapofikiria mninga au mkongo.

Dakika 4 zinasikika kama mzaha, lakini hizo ni dakika za jino kuwa ndani ya mti. Angalia kazi yako ya jikoni ilivyo. Unapima, unarekebisha kiongozo (ule ukingo wa mezani ambao ubao unauegemea ukipita), unachana kipande cha plaiwudi ya milimita 18 chenye urefu wa futi 8, unazima. Kukata kwenyewe ni kama sekunde 20, na kwa plaiwudi mota haivuti hata nusu ya zile wati 1,500. Kwa hesabu hiyo betri moja ndogo inakupa mipasuo ishirini na kitu ya futi 8. Ukiwa na betri mbili, moja ikichajiwa wakati nyingine inafanya kazi, siku ya kufunga makabati inaisha bila kusimama. Siku ya kuchana fremu za milango kumi kutoka kwenye mbao ghafi haiishi. Hiyo ndiyo sababu nakwambia upasuaji mzito ufanyike karakanani kwako, au mashineni kwa wale wanaotoza kwa futi, mbao zifike saiti zikiwa zimepasuliwa na kurandwa, zimebaki milimita chache tu za kulinganisha na ukuta.

Diski ina mchango mkubwa katika jambo hili kuliko watu wanavyodhani. Diski nyembamba inayoacha mfereji wa karibu milimita 2 inageuza mti mdogo kuwa vumbi kuliko diski nene ya milimita 3; ni theluthi moja ya kazi ambayo betri haikulazimika kuifanya. Kwa kupasua, yaani kufuata nyuzi za mti, tumia ya meno 24. Kwa plaiwudi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) weka ya meno 40 au zaidi, la sivyo uso wa juu utachanika. Na ukikuta mbao za mvule, kumbuka mti ule una mawe ndani yake, chokaa inayojikusanya kwenye mti ukiwa hai na kuganda kabisa. Jino la kabaidi likikutana nalo linapasuka au linabutuka pale pale, na diski butu inamaliza betri huku mti ukiungua pembeni na kuacha alama nyeusi. Ukiona moshi kwenye mti mkavu, usisukume kwa nguvu zaidi. Toa diski uitazame.

Mbao mbichi ni tatizo la peke yake. Paini nyingi tunazonunua, hata zile nzuri kutoka Sao Hill kule Mufindi, zinafika sokoni zikiwa na maji. Ubao mbichi unaibana diski, unaigandisha utomvu, na betri iliyotakiwa kukupeleka hadi mchana inaishia asubuhi. Zikaushe kwanza zikiwa zimepangwa na vijiti katikati. Hata kabati lenyewe litakushukuru baadaye.

Nirudi kwenye plaiwudi, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapodanganyika na karatasi ya maelezo. DeWalt wanaandika kwamba kiongozo kinafunguka hadi milimita 610. Plaiwudi yetu ya futi 8 kwa 4 ina upana wa milimita 1,220, kwa hiyo kwa maelezo hayo unaweza kuigawa katikati kamili. Sasa pima uzito. Karatasi ya plaiwudi ya milimita 18 ina kilo 30 hivi, na ya MDF inakaribia 40. Msumeno una 22. Unaweka juu ya meza kitu kizito kuliko meza yenyewe, nusu yake ikining'inia nje, halafu unaisukuma kuelekea diski inayozunguka. Meza inainuka upande mmoja, karatasi inapinda kidogo kwenye diski, na hapo ndipo watu wanapoumia. Karatasi nzima ilaze chini juu ya vipande vya mbao, ikate kwa msumeno wa mkono ukifuata ubao ulionyooka uliobanwa na klempu. Ikishakuwa vipande vya upana wa futi 2 kwenda chini, ndipo uvipeleke kwenye msumeno wa meza vikapate kipimo chake cha mwisho. Mlango mzima vivyo hivyo: kupunguza milimita 4 za ubavu wa mlango wa futi 7 ni kazi ya msumeno wa mkono au randa ya umeme, usiubebe kuupandisha kwenye kimeza kile.

Pale msumeno huu wa meza unapong'aa hasa ni kwenye vitu vyembamba. Kile kipande cha kuziba nafasi kati ya kabati na ukuta, ambacho juu kina milimita 22 na chini 31 kwa sababu fundi mwashi hakunyoosha plasta: ukiwa na msumeno wa meza hatua tano kutoka kwenye kabati, unalaza ubao juu ya kibao cha mshazari, unapitisha mara moja, unajaribu ukutani, unarudi kutoa nusu milimita. Bila huo unakata kwa jigso na kumalizia kwa randa, au unapanda bodaboda kurudi karakanani. Skatingi, vibanzi vya kushikia kioo, kona za fremu, midomo ya droo, vyote ni vya kundi hilo. Mteja anaona mwanya umefungwa sawasawa na anakuelekeza kwa jirani yake. Kwa fundi wa makabati, thamani ya mashine hii iko hapo.

Labda umejiuliza kwa nini usinunue wa waya, ambao kwa umbo ni ule ule na bei yake ni ya chini, kisha uubebe pamoja na jenereta. Kama tayari una jenereta ya kutosha, ni njia nzuri na sitakukataza. Lakini msumeno wa wati 1,800 unahitaji jenereta ya kilovoti-ampea 3 hivi ili uweze kuwaka na kubeba mzigo bila kuzimika. Hiyo ni mashine nyingine ya kilo zaidi ya 40, mafuta, kelele, na mteja anayelalamika kwamba mtoto amelala nyumba ya pili. Kuazima umeme kwa jirani kwa waya mrefu mwembamba ni kubaya zaidi: umeme unapungua njiani, mota inavuta ampea nyingi ili ijitosheleze, inapata moto, na hatimaye koili inaungua. Betri haina tatizo hilo. Chaja zake nyingi zinatumia wati mia chache tu, kwa hiyo hata inveta ndogo ya sola au ya gari inatosha, mradi uangalie chaja uliyopewa imeandikwa wati ngapi.

Joto ndilo adui wake. DeWalt wanaeleza kwamba betri zao zisichajiwe zikiwa juu ya nyuzi joto 40. Kwa Morogoro mwezi wa pili, betri iliyotoka tu kwenye mninga inakuwa imeshapita hapo. Ukiichomeka, chaja itakaa inasubiri ipoe, na wewe utadhani imeharibika. Iweke kivulini, juu ya sakafu ya saruji, ipoe kwanza. Usiiache kwenye buti la gari lililofungwa juani. Joto huziua betri za lithiamu polepole, zaidi ya kazi yenyewe.

Kuhusu usalama nitasema kwa urefu, kwa sababu mashine ndogo inamfanya mtu aizoee haraka. Ncha ya jino la diski hii inakwenda karibu kilomita 230 kwa saa. Meno ya mbele yanashuka na kuukandamiza ubao kwenye meza, ila ya nyuma yanapanda. Ubao ukijibana na kugusa yale ya nyuma, unainuliwa na kurushwa kukujia tumboni au usoni, na mkono uliokuwa ukisukuma unaburutwa kuelekea pale pale. Kinachozuia hilo ni kile kibamba cha chuma kinachosimama nyuma ya diski, kinachopanda na kushuka pamoja nayo, kikiuweka mpasuo wazi. Mafundi wengi wanakitoa siku ya kwanza kwa madai kwamba kinasumbua. Wewe kiache. Kwa mashine ya kuchomelewa kama yako ya karakanani, ambayo pengine haina kibamba hicho, mwombe mchomeleaji akutengenezee, kiwe chembamba kidogo kuliko mfereji wa diski na kinene kidogo kuliko bati lake.

Usisimame kwenye mstari wa diski. Simama upande wa kushoto kidogo. Kipande chembamba kuliko upana wa kiganja usikipitishe kwa vidole, tumia kijiti cha kusukumia. Usikate kipande kifupi kwa kukiegemeza kwenye kiongozo huku ukikisukuma na kile cha kupimia pembe, kwani kikigeuka kidogo kinajibana kati ya kiongozo na diski na kuruka. Na kwa mashine ya betri kuna kosa ambalo wa waya walizoea kuliepuka bila kufikiri: ulikuwa unachomoa plagi, unaiona kwa macho imelala sakafuni. Hapa hakuna plagi. Kabla mkono haujagusa diski, betri itoke na iwekwe juu ya meza mbele yako, kila mara, hata ukiwa unaondoa tu kibanzi kilichokwama. Mwanafunzi wako mfundishe hilo kabla hujamwonyesha swichi iko wapi. Na avae kinyago, hasa kwenye mvule, maana vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua.

Sasa ujumbe wa binamu yako. Kununua Dubai kuna faida moja kubwa: umeme wao na wetu unalingana, volti 230 hivi na mizunguko 50, na plagi ni ile ile ya pini tatu za mraba. Chaja yake utaichomeka nyumbani bila kufikiri. Ukiletewa ya Marekani, chaja itakuwa ya volti 120 na ukiichomeka hapa itaungua. Diski pia: toleo la Marekani lina tundu la karibu milimita 16, la Ulaya lina tundu la 30. Muulize binamu atazame tundu, kisha wewe upite maduka yako uone kama diski za milimita 210 zenye tundu hilo zinapatikana. Kama hazipatikani, anunue tatu au nne huko huko. Usije ukafunga diski ya milimita 185 kwa sababu ndiyo uliyoikuta. Kile kibamba cha nyuma kitakuwa mbali nayo na hakitakulinda.

Betri ndizo zitakazomletea shida uwanja wa ndege. Kanuni za abiria zinaruhusu betri za lithiamu hadi wati-saa 100 bila shida. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza, na mwisho ni mbili za akiba. Zaidi ya 160 hazipandi na abiria kabisa. Kwa hiyo FlexVolt ya 6Ah, yenye 108, inaomba kibali. Ya 9Ah ina 162 na itaachwa kaunta, kama ilivyo kwa zote za 12Ah zenye 216. Betri za akiba ziwe kwenye begi la mkononi, nguzo zake zimefunikwa. Aliandikie shirika mapema, asisubiri siku ya safari. Na boksi la mashine litakula begi zima, hilo alihesabu.

Kuna pia mashine na betri zenye maandishi kama 88VF au 128VF. Hizo namba hazisemi volti. Fungua nyingi kati yake utakuta seli tano tu, yaani volti 18. Betri za kuigiza za majina makubwa nazo zimejaa sokoni, hapa kwetu na huko. Zipime kwa mkono. Betri halisi ya 6Ah ya aina ya FlexVolt ina seli 15, na seli hizo peke yake zinafika gramu 700, kwa hiyo betri nzima inakaribia kilo moja au kupita. Ukipewa iliyoandikwa 6Ah na ni nyepesi kama ya drili ndogo, ndani kuna seli tano. Kama tayari una drili ya DeWalt ya volti 18 za XR, betri ya FlexVolt itaingia kwenye drili hiyo, ila ya drili haitaendesha msumeno. Kama vifaa vyako ni vya Bosch au Milwaukee, baki huko huko, kwa sababu betri kubwa moja inaweza kufika dola 200 na zaidi, na kuanza familia mpya ya betri kutakugharimu kuliko tofauti yoyote kati ya mashine hizi.

Mwisho, asilipe kabla ya kufanya kipimo hiki dukani. Betri ikiwa nje, achague jino moja na kulitia alama ya chaki. Apime kutoka kwenye jino hilo, likiwa mbele, hadi kwenye mfereji wa mezani unaopitisha kifaa cha pembe. Kisha aizungushe diski kwa mkono hadi jino lile lile lifike nyuma, apime tena. Tofauti ikizidi nusu milimita na muuzaji hawezi kuirekebisha pale, achukue boksi jingine. Halafu asukume kiongozo hadi kiguse diski, aone kama mbele na nyuma vinafika kwa wakati mmoja. Mashine za DeWalt na Milwaukee zinasogeza ncha zote mbili za kiongozo kwa meno ya gia, kwa hiyo zikitoka sawa kiwandani zinakaa sawa. Akimaliza hapo akutumie picha ya lebo ya betri, sehemu iliyoandikwa Wh, kabla pesa haijatoka.